Kutambua na kuondoa magugu ya jamii ya nyasi kwenye ukoka wa nyumbani: mwongozo kwa wakazi wa Mwanza

Wiki mbili au tatu baada ya mvua za vuli kuanza, ukipita asubuhi katika mitaa ya Isamilo, Nyegezi au Buswelu utaona jambo lilelile kwenye bustani nyingi za nyumbani: ukoka uliokatwa juzi bado umelala sawasawa, lakini katikati yake yamechomoza majani membamba ya kijani kinachong'aa, yamesimama wima na kuupita ukoka kwa urefu wa kidole. Hiyo ni ndago. Mwenye nyumba humwita kijana mwenye jembe, kijana hulima mahali pale kwa bidii yote, na baada ya mwezi mmoja ndago iliyokuwa na ukubwa wa sinia inakuwa na ukubwa wa mkeka. Kosa halipo kwenye bidii ya kijana. Jembe limevunja minyororo ya viazi vidogo vilivyokuwa chini ya udongo na kuvitawanya, na kila kimoja kimeota mmea wake.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya ardhi. Kabla hujaamua kung'oa, kulima au kununua dawa, chimbua mmea mmoja mzima pamoja na udongo wake, uuoshe kwenye ndoo ya maji, kisha utazame kile unachokipigania. Kazi hiyo haizidi dakika 10, na inaweza kukuokoa msimu mzima wa kuhangaika.

Ijue kwanza nyasi yako

Bustani nyingi za huku zimepandwa ukoka, ambao jina lake la kitaalamu ni Cynodon dactylon. Hutambaa kwa mashina ya juu na ya chini ya ardhi, majani yake ni mafupi na membamba, na pale jani linapoungana na shina kuna duara la vinyweleo vyeupe unavyoweza kuviona ukilivuta jani nyuma taratibu. Masuke yake ni vidole vitatu hadi saba vyembamba vinavyotoka kwenye nukta moja, kama vijiti vya mwavuli. Wengine wamepanda nyasi za Pemba, ambazo majani yake ni mapana na ncha yake ni butu. Hizo hazichanganyiki kirahisi na gugu lolote, hivyo mwenye nazo ana kazi nyepesi zaidi ya kutambua. Ni haki pia kusema kwamba ukoka huohuo ukiingia kwenye tuta la mchicha nao ni gugu, tena sugu. Mengi ya majani tunayoyaita vamizi hapa ni wenyeji wa Afrika, na yanakuwa vamizi kwa sababu tu yameingia mahali ambapo mwenye nyumba anataka nyasi ya aina moja.

Chimbua, osha, tazama

Ndago, kwa jina la kitaalamu Cyperus rotundus, si nyasi hasa ingawa inafanana nazo. Shika shina linalobeba maua na ulizungushe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada: shina la ndago lina pembe tatu na utazihisi pembe hizo, wakati shina la nyasi ni la mviringo au bapa. Kama bado haijatoa maua, itazame kutoka juu, utaona majani yamepangwa katika safu tatu, tofauti na nyasi ambazo majani yake hupangwa katika safu mbili zinazoelekeana. Ukiichimbua taratibu utakuta kiazi cheusi au cha kahawia chenye ukubwa wa punje ya harage au chini yake, kisha uzi mwembamba mgumu unaokiunganisha na kiazi kingine, na kingine tena. Ukikuta maua ni ya manjano badala ya kahawia yenye wekundu, na kila uzi una kiazi kimoja tu mwishoni mwake, hiyo ni ndugu yake, Cyperus esculentus, ambayo viazi vyake ni vitamu na watu huvila. Kwa mwenye bustani zote mbili huondolewa kwa njia moja.

Sangari ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa kuwa kwa mbali inafanana kabisa na ukoka. Wataalamu huiita Digitaria abyssinica. Majani yake ni laini na mapana kidogo kuliko ya ukoka, na pale jani linapoungana na shina hakuna duara la vinyweleo, bali kuna utando mwembamba unaoonekana kama kipande cha karatasi ya sigara. Vidole vya masuke yake havitoki kwenye nukta moja. Vimepangwa kwa kupishana kwenye kikonyo kifupi. Chini ya udongo utakuta kamba nyembamba nyeupe, ndefu, zenye vifundo vingi, na kila kifundo kikikatwa kinaweza kuchipua chenyewe. Kipande kilichobaki chenye kifundo kimoja kinatosha kuianzisha upya.

Ulezi pori, Eleusine indica, ni ndugu wa karibu wa ulezi tunaopikia uji. Huutambui kwa kuchimba bali kwa kutazama kitako chake: mashina yametandazwa kama miale kutoka katikati, na sehemu ya chini ni bapa na nyeupe inayong'aa, kana kwamba mtu ameikandamiza kwa kiatu. Masuke yake ni vidole vinene vyenye mbegu zilizobanana upande mmoja. Hauna kiazi wala kamba, na huishi msimu mmoja tu, lakini mizizi yake imeshika udongo kiasi kwamba mtu akiuvuta kwa mkono mtupu hubaki na majani. Penye ulezi pori mwingi udongo umeshindiliwa, na mara nyingi utaukuta pale gari linapogeuzia, kwenye njia ya kwenda bombani na mahali watoto wanapochezea mpira.

Mengine nitayapita haraka. Yapo majani ya msimu mmoja ya ukoo wa sangari, yenye vinyweleo kwenye ala za majani na vidole vyembamba vya masuke, ambayo hutambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo lakini hayana kamba za chini. Yapo yenye mbegu za miiba zinazong'ang'ania soksi na manyoya ya mbwa, hasa kwenye viwanja vya kichanga. Kwenye sehemu zisizokauka, karibu na bomba linalovuja au shimo la maji machafu, utaona mmea mfupi wenye kichwa cha mviringo cheupe au cha kijani, chini yake kukiwa na majani matatu yaliyochanua kama feni. Huo ni wa ukoo wa ndago, na dawa yake ya kwanza ni kuliziba bomba. Ukiona jani refu gumu lenye mshipa mweupe ambao haukupita katikati bali umeegemea upande mmoja, na chini ukakuta kamba zenye ncha kali kama sindano, hiyo ni Imperata cylindrica, nyasi ya mapori yanayoungua mara kwa mara, na kwenye viwanja vipya vya pembezoni mwa jiji huwa ilikuwepo kabla ya nyumba. Ishughulikie kama sangari, ila uchimbe kwa kina zaidi.

Wakati wa kufanya kazi

Mwanza ina misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kati ya Juni na Septemba kuna kiangazi kirefu. Magugu ya msimu mmoja, kama ulezi pori, hung'olewa wiki tatu hadi tano baada ya mvua kuanza, wakati udongo umelainika na masuke bado hayajakomaa, kwa kuwa mmea mmoja ulioachwa ukomae huangusha maelfu ya mbegu. Ndago na sangari ni kinyume chake. Kazi kubwa ya kuzichimba inafaa kiangazi, kwa sababu kila kiazi na kila kamba inayoletwa juu hukauka kwa jua, wakati kwenye mvua kilichochimbuliwa kikarudi chini huota tena kama mbegu iliyopandwa. Sehemu kubwa ya viwanja vyetu vya milimani ina udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, nao huchimbika hata wakati wa ukame. Walio kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaokuwa mgumu kama saruji ukikauka, wamwagilie sehemu wanayotaka kuichimba siku moja kabla.

Kuondoa ndago

Jiulize kwanza imeenea kiasi gani. Ikiwa ni doa moja au mawili ya ukubwa wa sinia, chimba. Pima sentimita 30 nje ya jani la mwisho unaloliona, uchomeke vijiti kuzunguka, kisha uchimbe kwa beleshi hadi kina cha sentimita 25 au 30, ukiinua udongo kwa mabonge na kuuweka wote juu ya turubai bila kumwaga pembeni. Azima kwa fundi wa ujenzi ule wavu wa kuchekechea mchanga na uupitishe udongo wote humo: mchanga utashuka, na viazi, nyuzi na mawe vitabaki juu. Nimejaribu kuokota viazi kwa mkono na macho tu, tena kwa subira, na kila mara nimeacha vya kutosha kuanzisha ndago upya. Wavu ndio ulionisaidia. Udongo uliochekechwa unaweza kurudishwa shimoni.

Viazi vilivyobaki kwenye wavu visitupwe kwenye shimo la mboji wala kwenye mtaro. Sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo wengine hawana, kwamba karibu kila kiwanja kina jiwe kubwa ambalo kufikia saa nane mchana huwezi kulikanyaga bila viatu. Tandaza viazi juu ya jiwe hilo kwa utando mwembamba, uvigeuze kila siku, uvifunike kwa turubai ukiona wingu la mvua, na baada ya wiki mbili hivi vitakuwa vimesinyaa na kuwa vigumu kabisa. Kisha vichome.

Ikiwa ndago imetawanyika bustani nzima, huwezi kuchimba yote bila kuuharibu ukoka wote, na hapo njia ni kuichosha. Kila jani linalotoka limejengwa kwa chakula kilichokuwa kwenye kiazi, na mmea hautengenezi viazi vipya mpaka majani yake yafanye kazi kwa wiki kadhaa. Ukiukata au kuung'oa kabla ya jani la sita kutoka, kiazi kimetoa bila kurudishiwa. Kwa hiyo pita bustanini kila baada ya siku 10 hadi 14 ukiwa na kisu chembamba, uchomeke kisu pembeni mwa mmea, uunyanyue ukitoka na kiazi chake cha juu iwezekanavyo, na usiruke zamu hata moja wakati wa mvua. Misimu miwili ya mvua ya kufanya hivyo kwa uaminifu huipunguza ndago kwa kiasi kinachoonekana. Anayeahidi kuimaliza kwa siku moja hajawahi kukaa nayo.

Wapo wanaofunika kwa nailoni nyeusi ya kawaida. Ndago huitoboa nailoni nyembamba kwa ncha ya chipukizi lake, na nimewaona watu wakishangaa kukuta majani yamechomoza juu ya nailoni. Kama unataka kufunika, tumia turubai zito lisilopitisha mwanga, ulikandamize kwa mawe pande zote, uliache miezi miwili hadi mitatu, ukijua kwamba ukoka ulio chini yake utakufa pia na utalazimika kupanda upya.

Sangari, na ulezi pori

Kwa sangari weka jembe pembeni kabisa na utumie uma wa bustani au jembe uma. Lainisha udongo jioni, asubuhi chomeka uma wima nje ya kichaka, uinue bonge lote, kisha uvunje bonge kwa vidole ukiifuata kila kamba hadi mwisho wake. Kamba ikikatika, simama uitafute iliyobaki kabla ya kuendelea, kwani ndiyo itakayochipua. Nyingi zimo ndani ya sentimita 30 za juu, ingawa baadhi hushuka zaidi. Ukimaliza, acha shimo wazi kwa wiki mbili, umwagilie kidogo, na uchimbue kila chipukizi kinachojitokeza. Rudia kwa miezi mitatu kabla ya kupanda ukoka mahali hapo. Hapo ndipo uvumilivu wa wengi huisha, na ndipo sangari inaporudi. Tahadhari nyingine inahusu mpaka wa kiwanja: ikiwa jirani ana sangari, kamba zitapita chini ya ua wa michongoma bila shida, hivyo zungumza na jirani mfanye kazi pamoja, au chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 mpakani na uusimamishie mabati ya zamani.

Ulezi pori ni rahisi zaidi. Baada ya mvua, ingiza kisu chini ya kile kitako cheupe, kata mizizi, nyanyua mmea wote. Kama tayari una masuke, ufungie kwanza ndani ya kiroba ili mbegu zisidondoke. Kisha fanya kazi ambayo watu huisahau, yaani kuulegeza udongo: chomeka uma kila baada ya sentimita 10, utikise kidogo, na ujaze matundu kwa mchanga uliochanganywa na mboji. Usipofanya hivyo, mvua ijayo utaukuta ulezi pori mahali palepale.

Kuhusu dawa

Sikatai dawa, lakini naiweka mwisho, na hasa kwa sisi tunaoishi juu ya mawe na miteremko. Maji ya mvua yanayotoka kwenye bustani ya Isamilo au Bugando hushuka kwa dakika chache hadi mitaroni, mengine huingia mto Mirongo unaopita katikati ya jiji, na yote hufika ziwani, ambako ndiko tunakovua na kuchota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kulindwa. Ndani ya eneo hilo usifikirie dawa kabisa.

Palipo mbali na maji, elewa unachonunua. Dawa yenye kiambata cha 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuiacha jamii ya nyasi, hivyo haitakusaidia kwa sangari wala ulezi pori hata ukiipulizia mara kumi. Glaifosati huua karibu kila kitu cha kijani, ukoka ukiwemo, na kwa sababu hiyo haifai kupuliziwa kwenye bustani iliyo hai. Tumia brashi ndogo au sponji iliyofungwa kwenye kijiti na upake jani la gugu pekee. Dawa yenye halosalfuroni hulenga jamii ya ndago na kuuacha ukoka, na ukiipata ndiyo ya kuichagua kwa ndago. Nunua kwenye duka la pembejeo linalouza chupa iliyofungwa, yenye usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Fanya kazi asubuhi, umande ukishakauka lakini upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu, siku ambayo hakuna dalili ya mvua kwa angalau saa sita, ukiwa umevaa glavu, buti za mpira na barakoa. Watoto, kuku na mbuzi wasiingie mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite.

Kuziba pengo, na kuziba mlango

Udongo mtupu haukai mtupu. Siku hiyohiyo unapoondoa magugu ya msimu mmoja, chukua vipande vya ukoka kutoka pembeni mwa bustani yako na uvipandikize kwenye pengo kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Ukoka ukishashika, upe kilo moja ya urea kwa mita za mraba 100 mwanzoni mwa mvua, ukimwagilia mara moja ili isiunguze, na usiiweke siku ambayo mvua kubwa inanukia. Usikate ukoka chini ya sentimita 2.5, nyasi za Pemba ziachwe sentimita 5 au zaidi. Ndago haipendi kivuli, na ukoka mnene ulioachiwa urefu wake huinyima mwanga. Wakati wa kiangazi mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki badala ya kurashia kila jioni, maana kurashia hulowesha juu tu, mahali mbegu za magugu zinapoota.

Uliza pia magugu yalikuingilia kwa njia gani. Mashine ya kukatia nyasi na fyekeo la kijana anayehudumia nyumba nane kwa siku hubeba mbegu na vipande vya kamba kutoka kwa jirani. Weka ndoo ya maji na brashi getini, na vioshwe kabla ya kuingia. Samadi mbichi kutoka zizini huja na mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Irundike, uilowanishe na kuigeuza kwa miezi mitatu, ipate joto la kutosha, ndipo uitumie.

Mlango mkubwa kuliko yote ni lori la udongo. Viwanja vyetu vina mawe na udongo kidogo, kwa hiyo karibu kila anayeanzisha bustani hununua udongo mweusi kutoka mabondeni, na ndago yangu yote, hapa kwangu Luchelele, iliingia na lori moja ambalo nililipokea kwa furaha kwa jinsi udongo wake ulivyokuwa mweusi na mzito. Kabla hujalipa, nenda kwenye shimo unakochimbwa, ujaze ndoo moja kutoka sehemu mbalimbali za rundo, uilete nyumbani, uimwagilie na kuiweka mahali penye jua kwa wiki mbili. Likichomoza hata jani moja la ndago, tafuta udongo kwingine.